Bi aliyetia marashi kwenye kikopo cha makohozi

Wakuu, assalaam alaykum, na wengine wote habari za saa hizi.

Hiki nnachokieleza nimekiona kwa macho yangu, sikusimuliwa na mtu. Majina tu ndiyo nimebadilisha. Kama unakula, maliza kwanza.

Mie nafanya kazi maabara hapa mjini Unguja, napima kifua kikuu. Watu wakiniuliza nasema "niko hospitali" basi, wasije wakakataa kunipa mkono pale Forodhani.

Haya, skilizeni.

Asubuhi moja akaja dada, tumwite Salma, kambeba mwanawe, yuko na mamaake, Bi Zuwena wa Chukwani. Salma anafanya kazi hoteli huko Kendwa, anarudi nyumbani siku za ofu tu. Mwanawe hajaanza hata kutambaa, analelewa na bibi yake. Bi ndiye anayemwogesha, ndiye anayelala naye.

Na Bi anakohoa wiki nyingi sasa, usiku jasho, nguo zinampwaya.

Jana yake walipewa kikopo dirishani, wakaambiwa "leteni makohozi ya asubuhi." Basi. Hakuna aliyewaeleza zaidi.

Bi akatoa kikopo mkobani, kimefungwa leso iliyopigwa pasi. Khaa! Barakoa nimevaa na bado harufu ikanifika. Marashi ya mawaridi, yale yale ya maulidini. Ndani maji matupu.

"Bi, humu umetia nini?"

"Marashi kidogo, mwanangu. Ntakupaje uchafu wangu hivi hivi, na weye mtoto wa watu?"

Mwenzangu nyuma akaangua kicheko. Mie nilijizuia. Mtu anaumwa vile na bado anaihurumia pua yangu!

Kwa wasiojua, wakuu: mate hayatufai. Tunataka lile zito la kifuani. Unasukutua kwa maji, unavuta pumzi ndani kabisa, unakohoa kutoka chini, unatema, unafunga kifuniko. Ufanye nje penye upepo, si chumbani na watoto. Ukitia marashi sampuli imeharibika, na mtu anaweza kuambiwa mzima naye si mzima. Tena huyu analala na kichanga.

Nikamwambia siipokei. Akanuna.

"Salma, twende zetu. Nshadhalilika vya kutosha."

Kumbe ana lake moyoni. Salma alipotoka kumbadilisha mtoto nepi, Bi akaniuliza kwa sauti ndogo: "Nikionekana nnayo, watanichukulia mjukuu wangu?"

Sikumdanganya. "Utakaa naye mbali kwa muda, Bi, mpaka dawa zishike. Usipopima, utampa maradhi mwenyewe."

Machozi yakamtoka. Akayafuta kwa ncha ya mtandio, akanyoosha mkono.

"Nipe hicho kikopo."

Nikampeleka uani, nikasimama kule upepo unakotoka. Alikohoa mpaka nikamwonea huruma. Kikopo kikarudi na zito la manjano, limechanganyika na damu kidogo. Nilifurahi, nasema kweli. Kazi hii inakufanya ufurahie vitu vya ajabu.

Mashine ikasema TB ipo.

Salma akaomba likizo. Mtoto akachunguzwa, alhamdulillah salama, akaanzishiwa dawa ya kinga. Bi akaanza vidonge, akahamia chumba cha peke yake, madirisha wazi.

Baada ya muda daktari akamruhusu kumshika mtoto. Bi akakataa katakata. Eti mpaka kikopo chake kisafike!

Juzi kaja kwa kipimo cha marudio. Kanenepa. Kikopo kakishika mkononi, hakuna leso, hakuna marashi.

"Leo uchafu mtupu, mwanangu."

Kohozi lenyewe la kubahatisha, kifua kishakauka. Nikalipaka kwenye kioo, nikalitia rangi, nikakaa kwenye hadubini muda mrefu kuliko kawaida yangu. Sikuona mdudu hata mmoja.

Nikatoka kumwambia. Alimgeukia Salma tu. "Nipe mwanangu."

Mtoto akamkodolea macho kidogo, kisha akajizika mtandioni mwake, pua ndani ya kitambaa. Ndipo harufu ikanifika na mie. Marashi safari hii kajitia mwenyewe.

Nilichojifunza ni hiki: ukipewa kikopo usiondoke dirishani hujaeleweshwa, hata mhudumu akikunja uso. Na sisi tulio upande wa ndani tusione tabu kueleza.

Nyie mlipopewa chenu, mlielezwa nini? Semeni hapa chini. Mwenye kucheka acheke, lakini anayekohoa nyumbani kwenu mpelekeni.