Bi Afya na Siku Tano za Ndani

Kitu cha kwanza ambacho watu hukiona kwa Mwanaima ni pindo la leso yake. Pwani hii, mwanamke akitoka na leso iliyopauka husemwa mpaka arudi nyumbani. Yeye hutembea na madoa meupe kuanzia magotini hadi vifundoni, kana kwamba amerushiwa tui la nazi. Ni madoa ya klorini. Ana doti tatu za namna hiyo, na hafichi hata moja.

“Bi Afya, kwani leso zimekwisha madukani?” wanawake walimtania kisimani, mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nane.

“Zipo tele. Yangu mpya iko sandukuni, yangoja arusi ya Esha. Hizi ni za kipindupindu.”

Jina la Bi Afya lilianza kama dhihaka. Watu wa Lunga Lunga, hapa mpakani, walimjua bwana afya, mwanamume wa kaptula ndefu, mkaguzi wa usafi aliyeogopwa na wauza mikate. Mwanaima, mzaliwa wa Gazi, binti wa mkata boriti za mikoko, alipofika na baiskeli na cheti chake kutoka Mombasa, walidhani ni mke wa bwana afya aliyetangulia kutazama nyumba. Hakukasirika. Aliegemeza baiskeli, akapima kwa miguu yake umbali kutoka choo cha soko hadi kisimani.

“Hatua kumi na tisa,” alisema. “Zinatakiwa arobaini.”

Choo kilihamishwa. Tangu siku hiyo, miaka kumi na saba, hajaacha kuhesabu. Hata akialikwa chakula, mwenyeji humwona akitembea kwa hatua zilizo sawa nyuma ya nyumba kabla hajanawa mikono.

Mvua za El Niño zilipokuja, hatua arobaini hazikutosha. Vyoo vilifurika na maji yake yakaingia visimani. Baada ya Idi, wagonjwa wa kwanza waliletwa zahanati wakiwa wamebebwa vitandani, macho yameingia ndani na ngozi imelegea. Baraza likaitishwa.

Mzee Mwinga, naibu wa chifu, alisema ugonjwa umetoka ng'ambo, kwa hiyo mpaka ufungwe. Kaloki, mkulima aliyehamia kutoka Ukambani na mwenye ghala kubwa la mahindi, alisema mpaka hautoshi.

“Fungeni kijiji chote. Kila mtu akae kwake, hata shamba asiende. Ni hivyo tu.”

Mwanaima alisimama mwisho. “Tuwatenge wale tu waliokula na mgonjwa,” alisema. “Siku tano. Chakula tuwapelekee. Asiyeugua katika siku hizo atoke aende zake.”

“Karantini!” sauti ilitoka nyuma. “Karantini ni ya ng'ombe, Bi Afya! Utatupiga na chapa ya moto pia?”

Baraza zima lilicheka, na Mwanaima akashindwa kwa kicheko hicho.

Mpaka ukafungwa. Hapo kabla, Mwanaima alikuwa ameweka meza na beseni la maji ya dawa kando ya kizuizi cha mpakani. Kila siku watu themanini hivi walinawa mbele yake, naye alimwuliza kila mmoja habari za tumbo. Wagonjwa wawili aliwagundua pale pale mezani, kabla hawajafika kwa wenyeji wao. Siku ya pili baada ya kizuizi kushushwa, walionawa walikuwa kumi na mmoja. Alipanda baiskeli akaenda kutazama nyuma ya shule, katikati ya mikorosho. Kijia chembamba kilikuwa kimekanyagwa kikawa kipana kama njia ya lori. Nusu ya ukoo iko upande huu na nusu upande ule, na hakuna mtu wa Lunga Lunga atakayekubali kufungiwa shangazi yake. Watu walikuwa wanapita kama zamani, ila sasa hakuna aliyewauliza habari za tumbo. Baada ya wiki mbili, wagonjwa walitoka sita wakafika kumi na saba.

Likafuata shauri la Kaloki. Kamba ilizungushwa kijiji, na watu wakakaa ndani kwelikweli, kwa hofu. Lakini bomba la maji safi lilibaki nje ya kamba. Wanawake walichota kidimbwi kilichokuwa ndani. Siku ya nne wagonjwa wanane waliletwa kwa mkupuo mmoja, wote wa kidimbwi hicho.

Kaloki mwenyewe alikuja zahanati na kofia mkononi. “Mama, nilikosea. Hiyo kamba itolewe leo.”

“Hukukosea kuogopa,” Mwanaima alimwambia. “Kufunga mpaka kunafaa ugonjwa ambao haujafika. Huu umeshafika, umekaribishwa kiti, umekunywa na chai. Na ukimfunga mtu, lazima umfunge pamoja na maji yake.”

Katika baraza la pili alizungumza na wanawake, akiwapa wazee mgongo kidogo. “Nyinyi mwamweka mwari ndani kabla ya arusi. Hatoki, haonekani, chakula aletewa mlangoni, nasi nje twamwimbia. Ni nani aliyewahi kumwita mwari ng'ombe?”

Akawageukia wazee.

“Basi aliyekula na mgonjwa tumweke ndani kama mwari. Sahani yake, kikombe chake, choo chake. Na tumwimbie.”

Shauri lilikubaliwa, ingawa kwa minong'ono. Kila mmoja alikuwa anasubiri kuona ni nyumba ya nani itakayoanza.

Ilianza nyumba yake mwenyewe.

Esha, bintiye wa pekee, alikuwa aolewe Ijumaa na Sefu, kijana wa ng'ambo. Jumanne, Sefu na shangazi yake Biasha walileta sanduku la nguo za bibi arusi. Kizuizi kilikuwa bado kimefungwa, kwa hiyo walipita mikoroshoni kama watu wengine, mbali na beseni la maji ya dawa. Biasha aliingizwa chumbani alimowekwa Esha. Kwa desturi ya ukoo wao, akamlisha kwa mkono wake tonge la kwanza la wali wa nazi, ishara kwamba kuanzia hapo ni mtoto wao. Kisha akaenda kula na Sefu sinia moja kwa jirani, walikolala.

Alfajiri Biasha aliletwa zahanati amebebwa. Mwanaima alikuwa anamfunga dripu mkononi.

“Shoga, jana ulikula na nani?”

“Na Sefu,” Biasha alisema kwa shida. “Na bibi arusi nikamlisha tonge.”

Vidole vya Mwanaima vilisimama juu ya mpira wa dripu. Kisha vikaendelea na kazi, kwa sababu mishipa ya Biasha ilikuwa inanywea. Alipomaliza alihesabu. Siku tano kutoka Jumanne ziliishia Jumapili, na arusi ilikuwa Ijumaa.

Mzee Mwinga alimfuata hadi uani. Alikuwa mtu mwema, na alisema kwa upole. “Mwanangu, Esha hana hata kiungulia. Ni nani atakayejua kuhusu tonge moja?”

“Mimi, Mzee.”

“Wageni mia mbili wamealikwa.”

“Ndiyo maana.”

Alimweleza Esha akiwa amesimama nje ya dirisha. Esha alilia kwa hasira. “Mama, mimi nimeshakaa ndani siku nne! Sasa niongeze tena?”

“Zitakuwa tisa, mwanangu.”

“Watasema nimeachwa!”

“Watasema mama yako ana roho ya jiwe. Nawaseme.”

“Na akina Sefu wakighairi?”

 Hilo ndilo Mwanaima alilokuwa analiogopa tangu alfajiri. Alikaa kitako chini ya dirisha, mgongo ukutani, mpaka akasikia kilio kimetulia.

Kaloki alitoa ghala lake. Alihamisha magunia, akafagia, akatandika mkeka, na Sefu akaingizwa humo. Kijiji hakijawahi kupata kichekesho kama hicho, bwana arusi kuwekwa ndani.

“Bibi harusi, leo umepakwa liwa?” Kaloki alimwita mlangoni, akisukuma sahani kwa fimbo.

“Bado, wakungwi wenyewe hawajui kazi,” Sefu alijibu kutoka ndani. “Tena mwambie mama mkwe uji wake una chumvi nyingi.”

“Huo si uji, ni dawa ya chumvi na sukari, ikae tayari ukiugua! Wewe iweke karibu, na hiyo ndoo pia.”

Wanawake wakaja kuimba, kwanza kwa Esha, kisha, kwa mzaha, kwa Sefu. Walisimama mbali kwa hatua walizohesabiwa na Bi Afya. Chakula kilitoka kila nyumba, kila siku zamu ya nyumba nyingine.

Alhamisi adhuhuri, Kaloki alisikia Sefu ameacha kujibu mizaha. Akapaza sauti mara moja tu kumwita Bi Afya. Maji ya chumvi na sukari yalikuwa tayari kando ya mkeka, dripu ilikuwa hatua mia mbili kutoka hapo, na katika robo saa Sefu alikuwa kitandani zahanati. Magharibi alikuwa anaomba chai.

Ijumaa, saa ambayo nikaha ingefungwa, Mwanaima alikaa kwenye ngazi za zahanati na leso yake ya madoa. Alijiruhusu kuiona arusi ile jinsi ambavyo ingekuwa: beseni moja la kunawia likizungushwa, masinia ya pilau, mikono ya watu kumi katika kila sinia, na mkono wa Sefu, aliyeugua jana tu, mmojawapo. Mzee Mwinga alipita, akasimama, akavua kofia. Kisha akaenda zake.

Jumapili alasiri mlango wa Esha ulifunguliwa kwa vigelegele. Hakuugua. Asubuhi iliyofuata mume wa jirani alibisha kwa Mwanaima. “Bi Afya, kaka yangu ameugua usiku nami nilikula naye. Njoo utuweke ndani.” Wiki hiyo nyumba nne zilijiita zenyewe. Wiki ya tatu, vitanda vya zahanati vilikuwa vitupu. Kizuizi kikainuliwa, meza na beseni vikarudishwa mahali pake, na nyasi zikaanza kuota tena katika kijia cha mikoroshoni.

Siku ile ile jibu la akina Sefu lilikuja kutoka ng'ambo, kwa mdomo wa Biasha mwenyewe, aliyevuka kwa miguu yake akanawa mezani bila kuambiwa. “Shoga, sisi kughairi? Mlinirudishia roho yangu, mkamrudishia na kijana. Ijumaa twaja, watu arobaini.”

Basi Ijumaa, Mwanaima alifika kizuizini mapema, amevaa doti mpya kutoka sandukuni, nyekundu isiyo na doa. Wanawake walimzuia kwa mikono miwili.

“Leo usiguse klorini, Bi Afya! Leo wewe ni mama wa bibi arusi!”

“Watu arobaini wanakuja,” alisema, akamimina dawa katika beseni, na tone la kwanza likaruka likatua pindoni.

Kutoka ng'ambo ngoma zilikuwa zimeanza kusikika, bado mbali, zikija kwa barabara kuu. Esha alikuwa ameshatuma mtu mara tatu kuuliza kama wameonekana. Mwanaima alikunja mikono ya gauni, akasimama nyuma ya meza, akakaza macho kwenye barabara.