Somo la Mwisho

Juzi nilikuwa nimeketi katika ofisi ya kanisa moja hapa Mamboleo nikisubiri barua, alipoingia mama mmoja, jirani yangu, akaomba mwanawe mchanga abatizwe kabla ya kuzikwa.

Katekista aliifunga rejista taratibu. "Pole, mama. Ubatizo ni wa walio hai."

"Jumapili alikuwa hai. Mkasema nimalize masomo ya ubatizo kwanza."

"Lakini alipozidiwa, si ungembatiza mwenyewe? Mtu yeyote anaweza. Ni maji kidogo tu na yale maneno."

Mama aliitazama mikono yake, akaigeuza. "Maji nilikuwa nayo, mzee. Nilikuwa nampanguza homa. Mbona hamkuniambia?"

"Hiyo tunafundisha somo la mwisho. Wewe umefika la nne."

Alijifunga leso upya, akashukuru, akatoka.

Ruhusa hiyo ya mtu yeyote kubatiza naijua tangu ujanani. Nimeisoma katika vitabu vingi kuliko katekista yule. Na kwa majuma mawili nilimsikia mtoto huyo akikohoa ng'ambo ya ua. Nilimwombea kila jioni, kwa maneno mazuri sana, bila kuondoka kitini.