Nilimtoa Kwenye Grupu, Kumbe Kila Jioni Alikuwa Anasomewa

Admin, jina langu nifichie, ila maneno yangu usiyapunguze makali. Nina miaka thelathini na tisa, nimeolewa, nina watoto wawili. Kwetu ni Mbeya, kazi ya serikali ndiyo iliyonileta Bariadi. Mimi ni mtu wa utaratibu mpaka inakera. Mume wangu hunitania kwamba siku nikifika mbinguni nitaanza kwa kuwapanga malaika kwa urefu.

Nilisoma shahada ya pili ya sera za umma kwenye chuo ambacho sitakitaja. Tulipohitimu, wenzangu wakanichagua katibu wa wahitimu. Kazi yangu ni kuhakikisha hatupotezani: natangaza nafasi za kazi, napongeza waliopanda vyeo, natafuta watu wa kwenda kuzungumza na wanafunzi wapya. Nilikabidhiwa simu yenye laini ya chama, ambayo kila mtu ameisevu "Katibu" tu. Nikiwa na tangazo naiwasha, nikimaliza naizima na kuirudisha kwenye droo ofisini.

Mwaka jana chuo kilitaka orodha ya wahitimu walio hai kwenye chama, wanaojibu na kujitolea. Nikatuma fomu kwenye grupu. Nikakumbusha mara tatu, na mara ya tatu niliandika kwa ukali kwamba asiyejibu tutajua hatuhitaji. Kisha nikakaa na chai yangu nikaanza kuwatoa waliokaa kimya, mmoja mmoja. Nilipofika kwa Maduhu (si jina lake halisi) kidole kikasita. Maduhu ndiye aliyekaa na mimi maktaba muhula mzima nilipofeli uchumi, akinielekeza kwa mifano ya pamba na ng'ombe mpaka nikaelewa. Kwao ni Mwamapalala, hapa hapa Simiyu, naenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Nikajiambia nikimwacha yeye watasema napendelea. Nikamtoa. Kumpigia simu hata sikuwaza.

Miezi kadhaa baadaye mwenzetu mmoja akaleta taarifa kwamba Maduhu amefariki. Salamu za rambirambi niliziandika mimi, kwa laini ileile. Niliandika kwamba tulikuwa naye bega kwa bega mpaka mwisho. Watu wakaweka alama za machozi, na mimi nikaona nimeandika vizuri.

Wengine wote wako mbali, hivyo nilikwenda msibani peke yangu. Mjane wake, nimwite Kabula, alinishika mikono miwili, akanisalimu kwa Kisukuma. "Mwadila, dada. Wewe ndiye wa uchumi? Alikuwa anakucheka sana kabla hajaugua." Nikacheka na kulia kwa pamoja. Ndipo akanieleza. Maduhu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa na maneno yakaisha kabisa, wakarudi nyumbani kwa wazazi. Akili ilibaki nzima. Kila jioni Kabula alikuwa anakaa pembeni yake anamsomea ujumbe wa grupu letu, wote, hata matangazo ya kazi ambazo asingeweza kuziomba. "Akisikia mabishano yenu anacheka mpaka namfuta mate," aliniambia. "Ilikuwa ndiyo kazi yake, dada. Ikifika saa kumi na mbili ananyooshea simu kidole."

Halafu akaifungua simu ya marehemu akanionyesha ule mstari: Katibu amekuondoa. "Niliusoma kwa sauti kabla sijauelewa. Akageukia ukutani. Nikamwandikia huyo Katibu, hakujibu. Nampigia, hapatikani. Wewe umesoma nao, niulizie huyu ni nani. Sina ugomvi naye, nataka kujua tu mume wangu aliwakosea nini."

Nilisema, "Nitaulizia, mdogo wangu." Hayo ndiyo maneno niliyomwambia mjane, Mungu anisamehe.

Niliporudi ofisini nikaiwasha ile simu na kutafuta jina la Maduhu. Ujumbe ulikuwepo, chini ya maombi ya watu wanaotaka tarehe za mkutano, haujafunguliwa. "Shikamoo Katibu. Mimi ni mke wake. Haongei ila anasikia. Naomba umrudishe, hatasumbua." Nilijifungia chooni nikalia mpaka mhudumu akagonga mlango.

Na kinachonimaliza ni kwamba Maduhu alijua. Siku nachaguliwa katibu alikuwepo, yeye ndiye aliyenipendekeza. Alijua ni mkono wangu, akakaa na jina langu kifuani bila mdomo wa kumwambia mkewe.

Sasa Kabula ananipigia kila Jumapili. Anauliza nimempata Katibu, nasema bado. Kisha ananieleza habari za watoto na za mvua. Wiki iliyopita akasema, "Dada, katika wasomi wote wale, wewe tu ndiye unapokea simu yangu." Mkutano wetu wa mwaka huu unafanyika hapa Bariadi, na chuo kimeagiza familia ya Maduhu ialikwe ili akumbukwe. Kabula amekubali kwa furaha. Ananiambia siku hiyo atamwona huyo Katibu kwa macho yake. Mume wangu anasema nijiuzulu kimya kimya, atangazwe katibu mwingine, na yule mama aachwe na amani yake. Lakini hiyo amani ni uongo wangu mimi.

Nimeshaenda Mwamapalala mara mbili kumwambia. Mara zote mbili amenichinjia kuku, nikala, nikaondoka. Mkutano ni Jumamosi ijayo na yeye nimempangia kiti cha mbele. Ndugu zangu, msinifariji, sistahili. Nataka anayeweza aniambie jambo moja tu: nikifika pale kwake, akinikumbatia na kuniita dada, naanza na neno gani?