Kanzu Nyeupe na Matete ya Naviundu

Harufu ya Jumamosi kwetu ilikuwa ya sabuni ya mawese na matete mabichi. Hata leo nikiinusa sabuni ile sokoni, miguu yangu inakumbuka baridi ya mto Naviundu, na namwona mama ameinama juu ya jiwe anasugua kanzu yake ya kanisa. Kanisani kwetu kila muumini alivaa nyeupe. Mama, aliyeongoza kwaya, hakuwa na unyenyekevu hata chembe linapokuja suala la kanzu yake. Alisema malaika wangeweza kuja kuiazima. Juu kidogo ya jiwe letu kulikuwa na kinamasi cha matete, ardhi ya kubonyea, vyura wakigombana humo kutwa. Maji yaliingia upande wa migodi yakiwa na rangi ya kutu, yakatoka upande wetu yakiwa maangavu. Hatukujiuliza kwa nini. Nani huuliza habari za kitu kinachomfaa?

Basi waumini wakaongezeka, wengine wakawa wanasali wamesimama juani, nasi tukaamua kukifukia kinamasi, kilichopakana na kanisa, ili tupate uwanja. Tuling'oa matete, wanaume wakaleta udongo wa vichuguu kwa mikokoteni, sisi watoto tukabeba kwa mabeseni, na mama akatangulia kwa wimbo ambao kila mtu aliuitikia. Sijawahi kuona watu wakifanya kosa kwa furaha kama ile. Jioni tulicheza juu ya uwanja mpya, mama akiwa na udongo hadi kwenye nyusi, na mimi nikiamini kwamba tumempa Mungu zawadi.

Mvua zilinyesha, zikaleta maji mekundu, zikaisha, na maji mbele ya jiwe letu yakarudi kuwa maangavu. Lakini chini yake palikuwa na tope jipya, laini kama unga wa muhogo, lenye harufu ya sarafu za zamani. Ukitia mguu tu, lilipanda lote. Kanzu ya mama ikaanza kupata madoa ya kutu. Alijaribu ndimu, alijaribu majivu, alitia bulu mpaka vidole vikawa vya samawati. Wake wa wenye visima nyumbani waling'aa kama kawaida, na ndipo maneno yakaanza: doa lisilotoka ni dhambi isiyotubiwa. Yalimfikia pasta, mtu mwema lakini mwoga wa minong'ono, naye akamwomba mama akae nyuma ya kwaya mpaka ajitakase. Mama aliyezoea kutuongoza sote akawa anaimba nyuma ya nguzo. Niliwachukia waumini wote, nikawataja mmoja mmoja katika sala zangu.

Mama hakulia. Siku nyingi alikaa mtoni akitazama tu, kisha Jumapili moja, ibada ilipokwisha, akasimama mbele ya watu wote.

"Baba Pasta," alisema, "zambi iko mu roho, haiko mu kilamba ya kuvaa. Lete kanzu yako tuifule hapa ku muto, bantu bote baone."

Kanisa zima liliteremka mtoni. Pasta aliivua kanzu, akabaki na fulana. Mama akaingia majini, akaifua kwa heshima zote kama anavyofuliwa bwana harusi nguo, akaikamua, akaikunjua. Pindo lote lilikuwa jekundu. Pasta aliiangalia kanzu yake, akamwangalia mama, kisha akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Mama akanyoosha kidole kuelekea uwanja wetu mpya.

"Pale kwenye matete mayi ilikuwa inapumuzika, inaacha buchafu yake," alisema. "Shiye benyewe tuliing'oa."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na safari hii kilionekana. Jumapili iliyofuata pasta alihubiri katika kanzu ile ile yenye pindo jekundu, akamwita mama mbele. Tukaanza kuutoa udongo tuliouleta, beseni kwa beseni, kwa wimbo ule ule, na mama akitangulia. Matete tuliyaomba kwa majirani wa upande wa chini wa mto. Hayakushika kwa haraka; mengine yalikauka, tukapanda tena. Lakini haba na haba yalisimama, vyura wakarudi na ugomvi wao, na msimu mwingine wa mvua ulipokwisha mama alitandaza kanzu yake juu ya nyasi, nyeupe, akapiga kigelegele kilichosikika ng'ambo.

Siku hizi naishi mtaa wa Katuba, mbali na mto, na vinamasi vingi nilivyovijua vimekuwa viwanja vya nyumba. Chetu kipo. Tope la migodi halijaisha, limefungwa tu kati ya mizizi, kwa hiyo hatuchumi mboga humo. Kanisa limebaki dogo, wanaochelewa hunyeshewa, wala hakuna anayelalamika. Majuzi alikuja kijana aliyevaa vizuri, akitaka kununua mahali pale apafukie. Mama, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, alimwomba shati lake jeupe. Alilifua taratibu kwenye jiwe lake, akalikamua, akamrudishia likiwa safi na likitiririka maji.

"Iko mweupe, mwana wangu," alimwambia. "Fukia matete, halafu urudie nayo hapa, tuifule tena."

Kijana alilivaa likiwa bichi, akaenda zake.