Nilihitimishwa Chuo Bila Kutaka

Jumatatu asubuhi nilikuta jina langu kwenye orodha ya wahitimu. Sikuwa nimeomba kuhitimu, na nilikuwa bado na kozi mbili mbele yangu.

Noelle, ninayekaa naye chumba kimoja, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wenzio wanalia wamefeli, wewe unalia umehitimu."

Sikucheka. Niliogopa.

Mimi ni Maribel, kwetu ni karibu na Modesto, California. Nilianzia chuo cha jamii, kile cha miaka miwili jirani na nyumbani, halafu nikahamia chuo kikuu. Nilikuwa nasomea fani mbili kwa pamoja, jiolojia na hesabu.

Kisima cha nyumbani kilikauka nikiwa na miaka kumi na sita. Nilitaka kujua visima vya bonde letu vinakauka kwa mpangilio gani, kipi kitafuata. Jiolojia peke yake haikuambii, wala hesabu peke yake.

Sasa pale chuoni kuna kikomo cha krediti, yaani pointi unazopata kwa kila kozi, na zile ulizohama nazo zinahesabiwa pia. Ukikifikia na fani moja umeshaimaliza, wanakupa cheti na kukuonyesha mlango. Jiolojia nilishaimaliza. Hesabu ndiyo ilibaki.

Asikwambie mtu, kufukuzwa kwa kupewa cheti kunauma.

Halafu nilikuwa na siri.

Kule chuo cha jamii nilifaulu kozi mbili za hesabu, za kalkulasi, tena vizuri. Siku ya kwanza chuo kikuu, dada mmoja darasani aliposikia nilikotoka akaniuliza, "Kwani kule si mnafundishwa kujumlisha na kutoa?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka nao.

Jioni ile nikajiandikisha zote mbili upya. Mfumo ulikubali, maana kule zilikuwa na majina mengine. Nikakausha, sikumwambia mtu.

Krediti nane za kurudia bure. Hizo ndizo zilizonifikisha kwenye kikomo.

Na mshauri wa masomo, Bi Haverkamp, alikuwa ameniandikia imeili nne, zote zikiwa na kichwa kimoja: Kuhusu kozi zako. Sikufungua hata moja. Nilijua ameshanibamba, ataniita tapeli, na hata jiolojia ataninyang'anya.

Orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Alhamisi nikampigia mama.

"Mama, wananihitimisha."

"Si ndiyo vizuri, mwanangu? Shangazi yako ameshaanza kufunga tamale mia moja za sherehe yako, unga wa mahindi na nyama ndani ya maganda."

"Hesabu sijamaliza, mama."

"Mshauri wako wa masomo anasemaje?"

"Sijamuuliza. Namwogopa. Naona aibu."

"Kisima kilipokauka niligonga kwa jirani na ndoo mkononi. Unadhani mimi sikuona aibu? Kagonge, Maribel."

Ijumaa saa kumi nikagonga mlango wa Bi Haverkamp.

"Zile kozi mbili nilizirudia," nikasema hata kabla sijakaa. "Nilishazifaulu kule nilikotoka. Niliogopa kwamba nilichojifunza hakitoshi."

Bi Haverkamp akavua miwani. "Hatimaye. Binti, wewe imeili husomi?"

"Naziogopa."

Akanigeuzia kompyuta. "Soma hiyo ya kwanza. Kwa sauti."

Ilikuwa mistari mitatu. Alihisi kuna kozi mbili nimezirudia. Kozi iliyorudiwa haihesabiwi mara mbili. Nikimjibu ndiyo, ataziondoa, nami nitapata nafasi ya kumaliza hesabu.

Nikaisoma mpaka mwisho.

"Nilikuwa nasubiri neno moja tu," akasema. "Wiki sita. Bila wewe mwenyewe kuthibitisha, siruhusiwi kugusa chochote."

Akabonyeza mara mbili. Saa kumi na nusu jina langu lilikuwa halipo kwenye orodha.

Nilikaa kwenye ngazi za lile jengo nikalia kama mtoto. Mtu niliyemkimbia wiki sita ndiye aliyekuwa ameshika ufunguo wangu, na alikuwa ananiita anipe.

Tamale tulizila hivyo hivyo. Shangazi alisema hawezi kufungua mia moja kwa sababu ya uoga wa mtu mmoja.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna barua umeipita wiki nzima kwa hofu, ifungue leo. Mimi mpaka sasa huwa nazifungua nikitetemeka. Lakini nafungua.