Varianti ya Maharagi

Haya yangu bado iko mbichi, lakini bora niieleze mwenyewe kuliko muisikie sokoni Kalembe, kwani kule wamekwisha kuiongezea mikia.

Ile wiki radio ilisema wamevumbua varianti mupya, ni kusema aina ingine, ya Mpox, ule ugonjwa wa vipele, na serikali (ile ile iliyotuahidi sabuni na hatujaona hata kipande) ikaweka bariyeri njiani, muntu asipite bila kupimwa joto kwa paji la uso. Mimi natoka shamba, mufuko wa maharagi mugongoni, kamba yake imebana paji langu vile wamama wote tunabebaka, na ng'ambo ya bariyeri nimeachia mama mukwe mutoto wangu wa miezi mine, hajui chakula kingine ila titi langu. Matiti yamejaa, yanauma, nina haraka.

Infirmiye, muuguzi wa bariyeri, Papa Dieudonné, akanipima. "Mama, uko moto."

"Ni kamba, Papa! Nimepanda nayo mulima muzima!"

Akanionesha karatasi ya maagizo mukononi. "Karatasi ya Kinshasa haiseme mambo ya kamba. Ikaa pale upoe."

Hapo njo nilikosea. Badala ya kuikaa kama muntu, nikalaza shavu juu ya mufuko (kitambaa chake chembamba, na ndani maharagi makubwa makavu ya kupanda), eti napumzika kidogo tu, na usingizi wa mama mwenye kunyonyesha munaujua, haubishi hodi.

Kuamka, nikasimama nikitabasamu kwamba nimepoa. Sikujua shavu lote limejaa alama za duara. Papa Dieudonné akaangalia picha ya vipele kwa karatasi yake, akaniangalia, akarudi nyuma hatua tatu.

"Njo hii! Varianti mupya!"

Watu wakatawanyika, mumoja akaacha mbuzi yake, pasteri wetu akaruka mutaro (yeye aliyetuhubiria tusiogope kitu!), na mimi nikaoneshwa hema ya wagonjwa kwa fimbo ndefu. Wakati ule mama mukwe akatokea ng'ambo na mutoto, wanalia wote wawili. Kusikia ile sauti, maziwa yakamwagika yenyewe, blauzi ikalowa mbele ya watu.

"Na inatoa maji!" muntu akapiga kelele.

Hasira ikanipanda. Nikatoka hemani, nikashika mukono wa Papa Dieudonné, nikauweka juu ya mufuko, nikaukalia ule mukono. Kuukalia kabisa!

"Mama, unaniua!"

Nikainuka. Mukono umejaa alama za duara. "Haya, Papa, ingia hemani. Karatasi nitakushikia."

Halafu mama mukwe akaangua kicheko, watu wakafuata, na Papa akijipapasa mukono: "Pita, mama, pita, mutoto analia." Nikamunyonyesha palepale, nimesimama, mbele ya pasteri aliyekuwa anatoka mutaroni na matope.

Leo chini ya ile karatasi ya Kinshasa kuna maneno ya kalamu ya bic, mwandiko wa Papa Dieudonné: *Angalia kwanza mufuko.* Mimi nimeapa, maharagi nitayabeba, nitayala, lakini sitayalalia tena. Na mukisikia wanaita Mama Varianti, ni mimi. Sabuni ningali naingoja.