Mwisho Aliouongeza Ambakisye

Harufu ya petroli ikichanganyika na vumbi hunirudisha Mlandege, Iringa, miaka ya hamsini, kwenye uwanja lilipoegeshwa gari la sinema. Nilikuwa na miaka minane. Mama yangu, Tusajigwe, alinishika mkono, mdogo wangu Tito akiwa mgongoni kwake. Baba yetu, Yohana, alikuwa amekwenda machimbo ya dhahabu kule Afrika Kusini, mwaka wa tatu huo bila barua. Mama mdogo Sekela alikuwa amekuja kutoka Mbeya kutuchukua. Babu alikuwa ametukatia shamba, na kwao shamba lisiloguswa na jembe kabla ya mvua hupewa mwingine. Mizigo ilikuwa imeshafungwa. Kesho yake tupande lori.

Picha ilikuwa ya nyimbo, za Kihindi. Bwana Ambakisye, aliyekuja na gari, alitufasiria kwa kipaza sauti. Mke alimwimbia mumewe aliyekwenda mbali; akaimba mtoni, akaimba jikoni, mwisho akasimama stesheni. Treni ikaja, watu wakashuka, mumewe hayumo. Treni ikaondoka, picha ikaisha hapo hapo. Wanawake wakaangua kilio, maana nani pale hakuwa na mtu wake Kusini? Bwana Ambakisye akatuonea huruma. "Msilie, mama zangu! Kesho yake alirudi, wakaimba mpaka kuku wakakimbia!" Tukacheka, tukapiga makofi.

Asubuhi mama akafungua mizigo. Mama mdogo Sekela akang'aka, "We dada, unasubiri mume au unasubiri sinema?" Mama akasema, "Nenda, mdogo wangu. Yohana akija atukute." Basi kila siku tukawa tunashuka Ipogolo, barabarani, kuangalia malori yanayotoka Mbeya. Walishuka watu na magunia yao, baba hakushuka. Mvua zikanyesha, shamba akapewa mwingine. Tukala majani ya maboga, nayo yakaisha. Tito akaanza kuvimba miguu. Tulimzika wiki ya Pasaka, na siku ya tatu mama akashuka tena Ipogolo.

Gari la sinema liliporudi, mama akamfuata Bwana Ambakisye. "Baba, yule mume alirudije? Alipanda nini?" Akavua kofia. "Mama, ile niliongeza mwenyewe. Mlikuwa mnalia." Mama hakumtukana. Alisema asante, tukarudi nyumbani, na Ipogolo hakushuka tena. Baba hatujamwona mpaka leo.

Siku hizi wajukuu wananiwekea picha za nyimbo kwenye simu, zote zinaishia harusini. Neema, mkubwa wao, hunisema, "Bibi una roho mbaya, wakifurahi wewe kinakuuma nini?" Namjibu waimbe wanavyotaka, ila mtu asiposhuka kwenye treni, wasimshushe. Jioni ile tungerudi nyumbani tunalia, na asubuhi tungepanda lori. Tito angekuwa mzee sasa, tungekuwa tunagombania blanketi.